Nilivyorudi Baharini kwa Mlango wa Abiria

Ndani ya meli Rosamund,
Bergen, Norwe
14 Juni

Mdogo wangu mpenzi Mair,

Pokea salamu za dada yako, ambaye hajazama wala hajatapika. Natumai nyonga yako imepata nafuu, na yule mbwa wako mkorofi ameacha kuchimba bustani ya jirani. Mimi ni mzima, ila nimenenepa. Ukimwona mwanangu Gareth, yeye aliyesema mwanamke wa miaka sabini na tatu akisafiri peke yake anajitafutia balaa, mwambie nalitafuta kwa bidii na bado sijalipata la kutosha.

Uliniuliza kwenye simu meli yenyewe ikoje. Basi, si kama yale madude marefu kama maghorofa, yenye mabwawa na makelele. Hii ni ya wastani, ya mtindo wa zamani. Abiria hatufiki elfu moja, na siku ya tatu unazijua nyuso zote, hata zile ambazo usingependa kuzijua. Sitaha yake ya mbao inaizunguka meli nzima. Kila asubuhi wazee wanaizunguka kama watu wanaofukuzwa. Kabla ya kung'oa nanga mnapigiwa honi na kufundishwa kuvaa majaketi ya kujiokolea. Usicheke, sikiliza. Saa kumi kuna chai na vikeki vya jamu na malai. Kuna maktaba, kuna karata, na Jumapili nahodha mwenyewe anaongoza sala. Itayumba, hilo ulijue. Tafuna tangawizi, shika mbao za ukutani, wala usione aibu.

Chakula cha jioni unapangiwa meza moja na watu wale wale safari nzima, kwa hiyo mwombe Mungu. Mimi nilipewa Bwana Cedric Pargeter, jaji mstaafu, mpole kama uji, pamoja na mkewe Hermione. Jioni ya pili ilikuwa ya mavazi rasmi, wanaume na tai za kipepeo, wanawake tunameta. Rodel, Mfilipino anayetuhudumia, akadondosha tone la mchuzi kwenye kitambaa cha meza, karibu na mkono wa Hermione. Karibu tu! Mama yule akamfokea hadi meza za jirani zikanyamaza. Nikachukua chumvi na maji baridi, nikalitoa lile doa mwenyewe, nikamwambia Rodel aende zake. Hermione akaniuliza nimejifunzia wapi kazi hiyo.

Nikamwambia, "Baharini. Nilikuwa mhudumu wa vyumba. Nimesugua vyoo vya watu kama wewe miaka mitatu."

Akamgeukia mumewe. "Jamani, Cedric, siku hizi wanapandisha mtu yeyote!"

"Ndiyo," nikasema, "hata wewe wamekupandisha."

Kesho yake msimamizi wa ukumbi akanijia, mikono nyuma, akaniuliza kwa adabu kama nitaridhika kupewa meza nyingine, nzuri tu, karibu na dirisha. Nikamjibu kwamba yangu inanitosha, na anayetaka kuhama ana miguu. Jioni ile nilifika wa kwanza. Hermione alikula akilitazama ua katikati ya meza. Hakuhama, wala mimi sikuhama.

Jana ilikuwa jioni ya nahodha. Tulipangwa foleni, tukampa mkono, kisha bendi ikaanza. Mair, wanawake wasio na waume tulikuwa wengi, tumeketi ukutani na vipochi mapajani tukingoja kama wagonjwa wa meno. Nikavumilia nyimbo mbili. Wa tatu nikainuka, nikavuka ukumbi mtupu mbele ya watu wote, nikasimama mbele ya jaji.

"Bwana Pargeter, unajua kucheza, au unajua kuhukumu tu?"

Hermione akasema, "Cedric, keti."

Yule mzee alikuwa ameshainuka. "Mke wangu," akasema, "kazi yangu ilikuwa kuketi miaka thelathini."

Tukacheza nyimbo nne. Magoti yalilia, sikuyasikiliza. Wale wa ukutani wakaanza kuinuka na kucheza wenyewe kwa wenyewe, mpaka tukakosa nafasi ya kugeuka.

Sasa nitakwambia kwa nini nililia niliporudi chumbani.

Mwaka ule wa sitini na nane niliporudi nyumbani Swansea, mlidhani nimeacha bahari ili nimuuguze mama. Si kweli. Nilifukuzwa. Ukumbi wa dansi wa meli ulikuwa marufuku kwetu wahudumu. Mchana mmoja bendi ilikuwa ikijizoeza, nami nikipita na taulo mikononi. Nikaziweka chini, nikaingia, nikacheza peke yangu, sare mwilini, wimbo mmoja mzima. Mkubwa wetu akaniona, na tulipotia nanga Southampton nikashushwa. Nilipofika nyumbani nikamkuta mama ameanguka wiki ile ile. Watu wakanisifu, nami nikazipokea sifa.

Hilo lingekuwa dogo. Lakini miaka mitatu baadaye ulipata kazi ya uuguzi Kanada, sanduku limefungwa, nami nikasimama mlangoni nikakwambia, "Mimi niliacha bahari kwa ajili ya mama, wewe huwezi kuacha Kanada?" Ukalifungua sanduku, ukarudisha nguo kabatini. Nilikufunga kwa uongo, Mair.

Kucheza kule sijutii hata hatua moja, na leo wakinifukuza tena nitacheza hadi ngazini. Lakini lile sanduku lako nalijutia kila siku, na sikuombi uniambie yaliyopita yamepita.

Septemba meli hii inakwenda Kanada, hadi Halifax na Quebec. Nimechukua chumba cha vitanda viwili, kwa jina langu na lako. Ukitaka kunitukana, njoo unitukane huko. Ukiwa hutaki kunisemesha, njoo hivyo hivyo; chumba ni kidogo, utachoka kunyamaza.

Nisalimie majirani, na Gareth umpe salamu nusu. Nyingine nitampa mwenyewe. Nakukumbatia, ukinikubalia.

Ni mimi dada yako,
Glenys