Gunia la Mwalimu

Kitaya, Mtwara
Mwishoni mwa Septemba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje, yamepoa sasa baridi ya Kibosho imepungua? Na yule ng'ombe mweupe amezaa, au bado anatuchezea akili? Sisi huku wazima. Mke wangu Anjelina anakuamkia. Lile sweta ulilomfumia kalikunja vizuri sandukuni, maana joto la huku ukilivaa utazimia njiani.

Najua barua hii unaisikilizia jikoni na dada Ndeshi ndiye anayekusomea, kwa sababu miwani umekataa kubadilisha. Dada, shikamoo nawe. Soma polepole na usiruke kitu. Nakujua, hata barua za baba ulikuwa unaruka pale unapoona aibu.

Mama, uliponipigia simu mwezi uliopita ukaniuliza lini nitajaza fomu ya uhamisho nirudi kushika kihamba, shamba letu la ukoo, nilikujibu kwamba mtandao unakatakata. Mtandao ulikuwa mzuri tu. Nilikosa la kusema. Kaka Valeri naye kila Jumapili ananipigia kutoka Arusha kunikumbusha kwamba mimi ndiye kitindamimba, kwa mila yetu nyumba ya baba na kahawa yake ni vyangu, na ualimu naweza kufundisha popote. Leo jibu ninalo. Ila nitalifikia kwa kuzunguka kidogo, maana nililipata shambani kwa mama mkwe baada ya kufanya upumbavu.

Huku kiangazi kinaishia. Mto Ruvuma umepungua mpaka watu wamepanda mboga kwenye mchanga ambao Aprili ulikuwa chini ya maji. Ndio wakati wa korosho. Hujawahi kuuona mkorosho, basi nikueleze: una tunda linaloitwa bibo, jekundu au la njano, na korosho yenyewe inaning'inia chini ya tunda kama hereni. Kabla ya msimu watu wanafyeka na kufagia chini ya kila mti mpaka unaweza kulala hapo bila mkeka. Niliona ni usafi wa kupitiliza, ila nikafagia kama wengine.

Shule zilipofunga kwa likizo fupi, mama mkwe na Anjelina wakaenda msibani kijiji cha pili, siku mbili. Nikabaki na shamba. Nikatazama juu, mabibo mekundu mti mzima! Mama, wewe ndiye uliyenifundisha kuchuma kahawa. Buni ikiwa nyekundu unachuma, ukichelewa imeharibika. Nikajisemea kwamba hawa watu wana mali juu ya miti nao wanasubiri nini. Nikapanda. Nilichuma siku ya kwanza, nikachuma siku ya pili mpaka mikono ikaniwasha, nikanyofoa korosho zote na kuzianika juani. Na kwa kuwa jamvi lilikuwa moja, nikazimwaga pamoja na zile ambazo mama mkwe alikuwa amekwisha kuokota wiki nzima. Nikakaa pembeni nasubiri kusifiwa.

Mama mkwe alifika na kanga yake ya msibani bado mabegani. Akachutama, akachukua korosho moja, akaibonyeza kwa ukucha, akaitupa. Akachukua ya pili. Nikujulishe kwamba yeye hanigombezi. Tangu nimuoe binti yake, mwaka wa nne huu, jambo zito analipitisha kwa Anjelina, hata kama nimesimama hapo hapo kama nguzo.

"Anjelina," akasema, "mwambie mumeo korosho haichumwi. Inaanguka yenyewe ikishakomaa, sisi tunaokota. Ndiyo maana tunafagia. Hizi kazitoa tumboni kabla ya siku zake."

Anjelina akanigeukia. "Umesikia?"

"Nimesikia," nikasema.

Kuchuma tu kusingekuwa kosa kubwa sana. Balaa ni kuchanganya. Ghalani, tunakopeleka korosho kuuzwa, wanachukua chache kutoka kila gunia na kuzipasua kwa kisu, wakikuta changa mzigo mzima unashushwa daraja, na kazi ya mwaka mzima ya yule mama ndiyo hiyo. Kwa hiyo tukakaa chini tukachambua, moja moja. Iliyoanguka ni ya kijivu na ngumu, niliyochuma ina ukijani kidogo, na baada ya jua la siku mbili zinakaribia kufanana. Tulichambua siku tatu. Mgongo wangu uliomba talaka.

Siku ya tatu Anjelina alikwenda kuchota maji, tukabaki mimi na mama mkwe, na hapakuwa na mtu wa kumpitishia maneno. Nikajikaza, nikamuuliza mikorosho hii aliipanda marehemu baba mkwe?

Akacheka. "Yule alikuja kuoa hapa, kama wewe. Mikorosho ya mama yangu hii. Naye kaachiwa na mama yake, aliyevuka mto kutoka Msumbiji, akafyeka pori hapa kwa mikono yake. Nikifa mie, ya Anjelina."

"Na kaka zako?"

"Wako mashambani kwa wake zao. Wanachuma mali huko, sijui kama wanachuma na korosho." Akaniangalia usoni, mara ya kwanza tangu arudi msibani. "Na kwenu, mwalimu, shamba la mama yako kashika nani?"

"Mimi," nikasema. "Ni langu. Ni mila yetu, mtoto wa mwisho wa kiume."

"Wewe uko hapa unachambua korosho zangu. Nnakuuliza leo hii, saa hizi, nani yuko shambani kwa mama yako?"

Nikasema, "Dada yangu."

Alinisogezea lundo jingine, tukaendelea. Lakini mimi sikuwa naona tena kijivu wala kijani. Niliona aibu, mama, na aibu hiyo haikuhusu korosho.

Magunia yote ya mama mkwe yalipita ghalani kwa daraja la kwanza. Zile changa zangu zimebaki kwenye kona ya banda, na kila mgeni anaonyeshwa: "Lile gunia la mwalimu." Mama mkwe siku hizi ananisema moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu. Anjelina anasema hiyo ni heshima, mimi bado natafakari.

Salamu naziweka hapa, kwa sababu nikishamaliza linalofuata hakuna atakayesikiliza salamu. Msalimie baba mdogo Kalisti, mwambie zamu ya maji ya mfereji asiwapunje. Msalimie shangazi Apolonia na wanakwaya wenzake. Wajomba zangu wadogo, watoto wa dada, waambie shuleni ni kusoma, si kuchungulia dirishani.

Sasa, dada, simama kidogo. Nenda mpakani mwa shamba, kata jani la sale, umpe mama mkononi kwa niaba yangu, ndipo uendelee. Ningekuwa karibu ningelileta mwenyewe na kupiga magoti.

Mama, umeshika sale, kwa hiyo kwa mila yetu huwezi kunikatalia radhi. Sitajaza fomu ya uhamisho. Nyumba ya baba haijaota magugu hata siku moja, na si mimi niliyeyang'oa. Ni Ndeshi, tangu ndoa yake ilipovunjika akarudi na watoto. Yeye ndiye anayepogoa kahawa, anayebeba majani ya ng'ombe, anayekukanda magoti. Sisi wanaume tunapiga simu. Naomba umuite baba mdogo na wazee wa ukoo, uwaambie kwamba mwanao wa mwisho amesema mwenyewe, bila kulazimishwa: kihamba kiwe cha Ndeshi, na cha watoto wake baada yake. Kaka Valeri nitazungumza naye mimi. Atafoka, nitamvumilia.

Dada, najua hapa umeona aibu, umeruka, na unataka kumwambia mama barua imeisha. Haijaisha. Rudi juu, msomee tena, na ufike pale penye jina lako.

Mwanao, na mdogo wako,
Prospa