Nambari ya Cheti Chako

Dada yangu mpenzi,

Kwanza niambie, goti la mama limepata nafuu? Mimi ni mzima wa mwili. Wanafunzi wangu sasa wanasema Kiingereza bila kunitazama mdomoni, na juzi mmoja alinisahihisha tahajia ubaoni. Darasa zima lilicheka, nami nikacheka nao.

Dada, nina jambo zito. Huku ugenini hawamwajiri mtu kufundisha bila digrii pamoja na cheti cha kozi ya ualimu. Kozi niliisoma kwa jasho langu. Digrii sina, unajua. Kabla sijasafiri nilichukua nakala ya yako kabatini kwako, nikafuta jina lako, nikaandika langu. Nambari niliiacha ileile.

Jana karani wa shule aliniita. "Tunaviandikia vyuo vithibitishe digrii za walimu wote," alisema. "Ni kawaida tu, mwalimu. Mbona unatetemeka?"

"Ni baridi," nikamjibu.

Chuo kikiitafuta nambari hiyo kitakukuta wewe, na watadhani tulipanga pamoja. Cheti chako cha digrii kitabatilishwa kwa kosa langu. Kwa hiyo leo asubuhi nilimweleza mwalimu mkuu ukweli wote. Alinisikiliza hadi mwisho, akachukua pasipoti yangu, akaniambia nisubiri chumbani kwangu. Kila nikisikia nyayo kwenye ngazi, naweka kalamu chini.

Wakikupigia simu, usinitetee, nakuomba. Sema hukujua lolote, maana ndiyo kweli.

Mama mwambie nina kazi nyingi.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuibia.