Maneno Niliyosema Juu ya Maji

Jumatano, 11 Novemba 1964
Kaptula mbili tangu asubuhi. Uzi mweusi umekwisha, nashonea wa bluu. Hakuna anayelalamika. Waasi, wale Simba, wanashika mji tangu Agosti. Nani ana nguvu ya kulalamikia uzi?

Veronika ameanza tena. Mtoto ana miezi mitatu na hajabatizwa. Ni kweli, nilimwahidi. Kwanza nilisema tungoje arobaini yake iishe. Ilipoisha nikasema tungoje mvua ipungue. Sasa mapadri wazungu wamechukuliwa, padri wetu Mwafrika, mzaliwa wa Isangi, amejificha kwa wavuvi wa Wagenia, kanisa lina kufuli. Nimengoja mpaka mlango umefungwa. Ndiyo tabia yangu.

Ijumaa, 13 Novemba
Msikitini na baba yangu, Papa Rajabu. Safu mbili tu. Vijana wengi wameondoka.

Huko mimi ni Asani. Kanisani ni Andrea. Nilipokuwa na miaka kumi, shule ya misheni haikupandisha darasa la nne mtoto asiyebatizwa. Tulipangwa mstari, wavulana thelathini, tukamwagiwa maji, tukarudi kwenye hesabu. Papa hakukasirika. Alisema: "Mayi inakauka. Masomo inabakia." Sikujua kama alinitania. Mpaka leo sijui.

Mtoto alipozaliwa, Papa mwenyewe alimwadhinia sikioni. Veronika hakupinga. Jina pia halikuleta vita: kwake Yosefu, kwa Papa Yusufu. Nilidhani mambo yote yatakuwa rahisi hivyo. Mjinga mimi.

Alhamisi, 19 Novemba
Amekuja Papa Fidele, katekista. Kitabu cha sala amekificha chini ya samaki kwenye kikapu. Kitabu kizima kinanuka.

Amefundisha. Padri asipokuwepo na mtoto yuko katika hatari ya kufa, mtu yeyote anaweza kubatiza. Maji yatiririke kichwani, na maneno yasemwe yote, bila kupunguza: kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Nikauliza, hata mtu asiye na dini? "Hata yeye, kama anataka ile Kanisa inataka."

Veronika alitaka papo hapo. Nikasema mtoto hana hatari yoyote, ananyonya kama mbuzi. Papa Fidele akakubaliana nami. Veronika ametuchukia wote wawili. Chakula cha jioni, lituma, ndizi za kupondwa, bila samaki, na samaki wapo.

Jumatatu, 23 Novemba
Yosefu ana joto kali tangu jana. Zahanati ya hapa Kabondo haina kidonge hata kimoja. Veronika amekwenda mtaa wa Tshopo kwa dada yake, ambaye ni muuguzi. Mlangoni aliniambia: "Ikikuwa mubaya, umubatize weye. Unasikia, Andrea?"

Nimesikia. Saa kumi na moja barieri za barabarani zimefungwa. Hajarudi. Jirani anayenyonyesha amempa mtoto ziwa. Amelikataa.

Jumanne, 24 Novemba
Ndege tangu alfajiri. Askari wanashuka angani na miavuli upande wa uwanja wa ndege. Bunduki kila upande. Tumelala chini, Papa, mimi, na mtoto katikati yetu.

Baadaye. Saa nne. Niandike upesi. Mtoto alikakamaa. Macho yakageuka meupe. Nilichukua kopo la maji. Nilimmwagia kichwani mara tatu. Nilisema maneno.

Nilianza na Bismillahi.

Sikukusudia. Mimi sigusi maji, sigusi mkasi, siingizi uzi kwenye sindano bila Bismillahi. Ulimi ulijiendea. Rahmani, Rahimi, halafu nikajua nimepotea, nikarukia Baba na Mwana. Roho Mtakatifu je? Bunduki zilipigwa karibu na ukuta. Sikumbuki. Nilisema. Sikusema.

Bado anapumua.

Alhamisi, 26 Novemba
Veronika amerudi. Simba wamekimbia; askari wa serikali, wanaoshika mji sasa, walimwacha apite kwa sababu ya rozari shingoni. Ana vidonge. Kabla ya kuvua kitambaa kichwani aliuliza: "Ulifanya?"

Nikasema ndiyo. "Maneno yote?" Nikasema yote.

Akapiga magoti pale pale sakafuni akalia. Nikatoka kwenda kupanga foleni ya mchele. Nimeona aibu. Kwani ningesema nini? Kwamba nilikuwa na kazi moja nikaichanganya?

Jumatano, 2 Desemba
Joto limeshuka. Ananyonya. Veronika anaimba. Kila anapoimba, mimi nakanyaga pedali ya cherehani kwa nguvu zaidi.

Askari wanapita nyumba kwa nyumba wakitafuta Simba waliojificha, wakiuliza kila mtu ni wa nani, anasali wapi, nani anamjua. Jirani wa kushoto alisema mimi ni Mkatoliki. Wa kulia alisema Mwislamu. Askari akaniuliza mwenyewe. Nikasema mimi ni fundi. Akanitazama sana, kisha akataka nimshonee kifungo.

Jumapili, 6 Desemba
Kanisa limefunguliwa. Padri amerudi, amekonda, anavaa shati la mvuvi chini ya kanzu. Tangazo: watoto wote waliobatizwa nyumbani waletwe Jumapili ijayo, pamoja na mtu aliyemwaga maji. Ataulizwa alisema nini. Ndipo jina liingie kwenye kitabu cha parokia.

Veronika alinifinya mkono kwa furaha. Nilitaka sakafu ipasuke.

Jumatatu, 7 Desemba
Nimemuuliza Papa. Alikuwa amelala karibu yangu siku ile, lazima alisikia.

"Nilisikia Bismillahi. Kisha ile, masasi ya bunduki tu."

"Na maneno mengine, Papa?"

"Bismillahi inatosha, bon."

Amefurahi, mzee wa watu. Kwake mjukuu aliokolewa kwa neno alilolisikia. Mimi ndiye shahidi wa pekee wa hayo mengine, na shahidi huyu hajui kitu. Nikisema nilikamilisha, pengine ni kweli. Pengine naandikisha uongo juu ya kichwa cha mwanangu. Nikisema sijui, Veronika atajua nilimdanganya, na kanisa zima litasema mnaona, damu haifichiki. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nimeshafika mwisho wake.

Jumamosi, 12 Desemba
Nimekata suruali ya mteja, miguu miwili yote ya kulia. Sijawahi.

Jumapili, 13 Desemba
Watoto saba. Sisi wa tano. Kina mama wanne mbele yetu walijibu vizuri kama wanafunzi. Nilikuwa nimeamua kusema ndiyo. Mpaka Padri alipouliza, nilikuwa nimeamua.

Nikasema: "Nilianza na Bismillahi. Mengine sijui kama nilimaliza. Niliogopa."

 Kisha minong'ono. Veronika akamchukua mtoto mikononi mwangu bila kunitazama. Papa Fidele akainamisha kichwa. 

Padri hakukasirika. Aliuliza kama maji yalitiririka. Ndiyo. Na maneno mengine hujui kweli? Sijui kweli. Akasema Kanisa lina njia kwa mambo kama haya. Akammwagia maji akisema Kilatini, kisha akatueleza: kama umekwisha kubatizwa, sikubatizi tena, kama hujabatizwa, nakubatiza sasa. Akaandika.

Nimeishi na mapadri tangu utotoni. Sikujua wana sala ya mtu asiyejua. Nilipoisikia nililia mbele ya watu wote, mwanamume mzima.

Veronika alitangulia na mtoto mpaka nyumbani.

Jumatatu, 14 Desemba
Mvua. Hakuna wateja.

Veronika amezungumza, akichambua pondu, majani ya muhogo, bila kuinua macho. Alijua. Siku ile ile aliporudi kutoka Tshopo, nikiwa kwenye foleni ya mchele, Papa alimwambia kwa fahari: Asani amemusomea mutoto Bismillahi. Basi Veronika akachukua kopo, akamwaga maji mwenyewe, akasema maneno yote. Hakumwambia mtu. Wala Padri, jana.

Nikamuuliza kwa nini alikaa kimya wakati naaibika.

"Siku kumi na saba nilingoja useme weye mwenyewe."

Halafu akasema, naye pia atakwenda kuungama. Akacheka kidogo. Nami nikacheka. Papa akauliza kutoka nje tunacheka nini, tukazidi kucheka.

Kitabu cha parokia kinasema mtoto alibatizwa tarehe 13 Desemba. Veronika anasema 26 Novemba. Papa anasema alikamilika siku aliyozaliwa. Mimi nilikuwepo mara zote isipokuwa moja, na sijui.

Mtoto amelala miguuni pangu kwenye vipande vya kitambaa. Nimemgusa paji la uso. Hana joto.