Vikombe Nilivyokunywa kwa Niaba Yako, Wekesa

Wekesa, mzee wa masikio makubwa,

Nimeacha sukari kabisa. Hata nikiona muwa nageuza uso. Kiminini nzima wananisifu.

Uongo. Jana nilikunywa vikombe viwili kwa mjane wako Nasimiyu, na asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimetoka kliniki Kitale, ambako sista aliniambia nami sasa ninayo hiyo sukari yako. Nikamwambia ni wewe uliniambukiza. Akacheka, ati sukari haiambukizwi. Yeye hajui tulichofanya.

Unakumbuka? Uvimbe wa shingo ulipokwisha ulirudi nyumbani mwembamba kama fito, watu wakasema umefufuka. Daktari alikuwa amekuonya: zile dawa zilizoua kansa zimeamsha sukari, kwa hiyo sindano kila siku, na chai kavu bila sukari. Rahisi kusema. Lakini watu walikuwa wamekuchangia. Mwenye kuku alitoa kuku, mwenye mahindi akatoa gunia, na Mama Simiyu wa Bokoli akatoa mbuzi wake wa pekee. Sasa wote walitaka kukuona umepona, na kwetu mgeni anaonwa aje bila chai? Na sukari yenyewe imechemkia humo humo kwenye sufuria. Ukaniambia, "Nikisema ugonjwa mwingine umeingia, watadhani mbuzi amepotea bure."

Basi nikawa mdomo wako. Kila nyumba nilikaa kushoto kwako. Nameza yangu ingali moto, ulimi unaungua, mwenye nyumba akigeuka tu kikombe changu kitupu kiko mbele yako, chako kiko kwangu. Shida ni kwamba wakiona umemaliza mbio hivyo walifurahi. "Wekesa amepata hamu! Mwongezee!" Nayo hiyo nikainywa. Wewe unaangalia dari kama mtakatifu, mwizi wewe.

Lakini Jumapili ile ya shukrani huko Bokoli waliniweka nyuma kabisa, na wazee wa kelele. Wewe ulikuwa meza ya mbele na mchungaji. Ulisimama ukashuhudia kwamba umepona kabisa, kumbe dawa ya sindano ulikuwa umeiacha nyumbani, ndani ya mtungi wa maji inamokaa baridi, isije ikaonekana. Kisha wamama wakaja na keki, mmoja mmoja, wakikulisha kwa mkono. Mama Simiyu alikuwa wa kwanza. Nani angemkatalia huyo? Ukanitafuta kwa macho juu ya vichwa vyote vile. Nilikuona, bana. Sasa ningefanya nini, nikutoe keki mdomoni?

Hawakutaka kukuachilia, tukalala huko, wewe bila sindano. Kufika Jumanne ulikuwa unahema kama mtu aliyefukuzwa na fahali, mdomo unanuka matunda yaliyoiva kupita kiasi. Nikakutania ati unajifanya ili usiende kupalilia. Tulipokufikisha hospitali Bungoma, ulikuwa husikii tena. Huo utani wangu hata sijui kama uliusikia.

Ule mtungi wako, Nasimiyu amepandia vitunguu. Mama Simiyu ameshajua kuhusu sukari yako. Aliniuliza kwa nini hukumwambia, yeye angekupikia hata viazi.

Na mimi nimekuwa wewe. Jana Nasimiyu wako alinimiminia akasema, "Kunywa, shemeji. Ukinywa hapo naona kama mko wawili." Ungemkatalia? Nikanywa. Akaona nimemaliza, akaongeza, na akatabasamu. Tangu tukuzike sikuwa nimeona meno yake.

Nakuahidi nitamwambia kwamba nami ninayo sukari. Labda wiki ijayo. Labda nikikatwa mguu atajionea mwenyewe.

Haya, lala, mzee wa masikio. Lakini mimi nakudai, na si pesa. Kesho ananiita tena. Nitakuachia kile kiti cha kushoto kwangu. Njoo mara moja tu, akigeuka, uninywee kimoja.