Vidonge Vilivyokunyamazisha

Mama Elinami,

Leo nataka nikusimulie mambo yaliyokupata wewe mwenyewe. Najua ni ajabu mtu kusimuliwa maisha yake. Lakini mwaka ule wa mwisho sijui ulikuwepo kiasi gani, na mimi niliyekuwepo sijapata wa kumweleza yote. Watu wakija kunipa pole wanataka kusikia kwamba ulipumzika kwa amani. Nawaitikia. Wewe sitakudanganya.

Ilianza kwa mambo madogo. Ulitia chumvi kwenye chai. Ulimkamua ng'ombe, ukarudi na ndoo kumkamua tena, ukamgombeza kwamba anakunyima maziwa. Tulicheka, hata wewe ulicheka. Kisha jioni moja ulinikuta chumbani nikivua viatu, ukasimama mlangoni.

"Wewe baba ni nani?"

Nikadhani unatania.

"Toka humu! Mume wangu yuko safarini na lori la kahawa. Akirudi akikukuta atakuua."

Udereva nilikuwa nimeuacha zamani, Elinami akiwa bado anasoma. Nikakuambia, mke wangu, mimi ndiye mume wako. Ukapiga yowe. Majirani wakaja mbio na mapanga, wakidhani tumeingiliwa na mwizi, wakanikuta mimi nimesimama na kiatu kimoja mkononi.

Ikawa kila jioni. Kadiri nilivyokueleza, ndivyo ulivyozidi kuogopa, na mimi nikazidi kukuogopa wewe. Nilikuwa nikiona jua linashuka kuelekea Moshi, natafuta kazi ya kunibakiza shambani. Mpaka ile siku uliponyakua ukuni jikoni ukanipiga nao, damu ikaniingia jichoni.

Jumapili iliyofuata Elinami alipanda kuja kwetu Kirua kutoka Himo. Lile duka lake la dawa pale njia panda lilikuwa limeshika kasi. Siku hizi kila mwenye mtaji anafungua duka la dawa. Aliingia, akaona plasta kwenye paji langu la uso.

"Shikamoo baba. Nani kakupiga?"

Nikakugeuzia macho. Akakutazama. Ulikuwa umekaa unamenya ndizi, mpole kabisa, ukamkaribisha kama mgeni wa kanisani. Mtoto wetu akatoka nje, akakaa huko muda mrefu. Katikati ya wiki alirudi na bahasha ya kaki yenye vidonge.

"Mpe asubuhi na jioni. Wanapewa wagonjwa wa akili wakichachamaa. Atatulia."

"Daktari kamwona?"

"Baba, hivi nauza kila siku. Unataka akuue?"

Kweli ulitulia. Jioni ya kwanza ulisinzia kwenye kiti kabla giza halijaingia, nikala chakula changu bila kuangalia nyuma. Nilimshukuru Mungu, na Elinami nikamshukuru.

Lakini haukupita muda ukaanza kuburuta miguu, kama mtu anayepita penye utelezi. Mikono ikatetemeka. Uso wako, ule uliokuwa unasema kabla ya mdomo, ukakauka. Mama Anaeli, jirani yetu aliyekuwa anakuja kukuogesha, akaniita uani.

"Shemeji, leo maji yalikuwa ya moto, nimejisahau. Hakusema kitu. Mtu gani huyo haungui?"

Halafu ukawa hutulii kitini. Unainuka, unakaa, unainuka, mchana kutwa, na macho yako yananiomba kitu ambacho sikijui. Nikampigia Elinami simu. Akasema ugonjwa ndio unapanda, akaongeza kidonge cha mchana. Hakufanya kwa ubaya. Hakujua, na mimi sikujua.

Kisha siku ile ya mtori wa ndizi na nyama. Nilikulisha mwenyewe, kijiko kidogo kidogo. Ukaushika mdomoni, hukumeza. Ghafla ukapaliwa. Midomo ikageuka rangi. Nilikuinamisha nikakupiga mgongoni, nikakupiga tena, naita jina lako lile la usichana, mpaka kikatoka kipande cha nyama na pumzi ikarudi na sauti mbaya. Ukanitazama bila hata kulia.

Asubuhi yake nilimwita Elinami, akaja na gari la kuazima. Nikamwambia tunaenda Moshi hospitali, na vidonge havipewi tena mpaka daktari aseme. Tukasimama uani, mimi na yeye, wewe ukiwa katikati umefungwa kanga.

"Ukiviacha, baba, halafu akuchome kisu, nitawaambia nini watu?"

"Na akifa na chakula mdomoni, utawaambia nini?"

Sijawahi kumwona mwanangu akinitazama vile. Nilidhani atapanda gari aondoke. Akafungua mlango wa nyuma, akakubeba kama mtoto.

Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa wajukuu zetu. Akakukunja mkono taratibu, akausikiliza ulivyokuwa unakwama. Akaomba kuviona vidonge.

"Nani aliandika dawa hii?"

Elinami akasema, "Ni mimi. Nina duka."

Nilisubiri amfokee. Hakumfokea. Alivuta kiti akakaa karibu yake, akamweleza kwamba huu ni ugonjwa wa kusahau, ubongo unachakaa, si kichaa. Kwamba dawa hii hata wao huitoa mara mojamoja, kidogo na kwa muda mfupi, mgonjwa akiwa hatari kabisa, na humwangalia kwa karibu, maana kwa mzee hukaza viungo, humwangusha, humfanya apaliwe, na huweza kumuua. Kule kuinuka na kukaa hakukuwa ugonjwa kupanda. Ni dawa yenyewe. "Lakini msikate ghafla," akasema. "Tutapunguza kidogo kidogo." Kisha akanigeukia mimi.

"Jioni akiogopa, mzee, huwa anaogopa nini hasa?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamsimulia habari ya lori.

"Basi msibishane naye," akasema.

Zile wiki za kupunguza zilikuwa ngumu. Elinami alifunga duka mapema kila siku, akapanda kuja kukaa nasi, akikutazama kama mtu anayelinda moto. Kwanza miguu iliacha kukakamaa. Kisha ukameza vizuri. Ukamwambia Mama Anaeli ana mikono ya baridi, tukafurahi kama tumepata mtoto. Halafu, jioni moja ya manyunyu, hofu ikarudi.

"Wewe baba ni nani? Mume wangu..."

Elinami akasimama. Mkono wake uliingia mfukoni, nikajua bado anatembea na vile vidonge. Nikamwashiria angoje.

"Nisamehe mama," nikakuambia. "Nimekosea nyumba."

Nikachukua koti, nikatoka kwa mlango wa jikoni. Nikazunguka nyumba nikipita kwenye migomba, maji yananidondokea shingoni, moyo unanidunda kuliko nilipokuwa nateremka na lori lenye breki mbovu. Nikafika mbele, nikagonga.

"Hodi! Jamani, nimefika."

Nikawaza ukuni. Kisha nikasikia hatua zako, mlango ukafunguka.

"Aika, mbe! Umerudi!" Ulinishukuru kwa Kichagga chetu, ukanishika koti. "Kuna mzee mmoja alikuwa humu, ndiyo kwanza katoka. Kidogo tu ungemkuta."

"Alikufanya nini?"

"Hakunifanya kitu. Ana adabu. Ila alikuwa anavua viatu."

Elinami aligeukia ukutani. Sijui kama alicheka au alilia.

Haikufaa kila siku. Kuna jioni niligonga ukakataa kufungua, nikakaa jikoni mpaka ukasahau. Ulinipiga tena, mara moja, kwa mwiko. Lakini ulikuwepo. Uligomba, ulikula, uliniuliza habari za safari nami nikakupa za uongo, za Tanga na za Singida.

Masika kifua kikakubana. Wakasema homa ya mapafu. Tukakuzika kihambani kwetu, kwenye shamba la wazee wetu, na migomba ya upande ule nimeipalilia mwenyewe.

Sasa nikuambie la mwanao. Vile vidonge hauzi tena bila karatasi ya daktari; nasikia kuna mama aligombana naye dukani akivitaka kwa ajili ya baba mkwe wake, hakulegea. Lakini amekonda, na alikuwa haji. Jumamosi alikuja. Hakuamkia. Akauliza amesimama:

"Baba, ni dawa yangu iliyomuua Mama?"

Nilitaka kusema hapana, Mama Elinami. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini nilikwisha kumuuliza yule daktari, naye akasema hawezi kujua. Huenda ulipopaliwa mapafu yaliumia, huenda ni uzee tu.

"Sijui, mwanangu," nikamwambia. "Ulinionea huruma, ukakosea. Na ulipoambiwa, ulisikia. Hayo ndiyo ninayoyajua."

Alilia kwa sauti, mtu mzima. Kisha akala ndizi zote zilizokuwa chunguni.

Nakuahidi sitamdanganya ili apate usingizi, na sitamwacha akae na swali hilo peke yake. Kesho nateremka Himo nikashinde naye dukani. Ameota mvi, lakini sehemu iliyobaki ya kumlea nitaimaliza mimi.

Pumzika, mke wangu.

Mumeo,
Baba Elinami