Kisigino cha sandale ndani ya rotile

Siku ya posho, jioni

Kumbe volan ya pikap yangu, ule usukani, ilikuwa imelegea kweli. Leo nimeendesha mwenyewe mpaka Mugunga, na gari nusura iniingize ndani ya magunia ya makala ya kupikia ya mama mumoja. Akaniuliza kama nimekunywa.

Neno lile limenichoma, maana ndilo nililomwambia mukwe wangu Faustin, anayeniendeshea gari. Alikuja kunieleza pa mulango wa kanisa: "Papa, volan inacheza, gari inajiendea yenyewe." Nikamujibu mbele ya watu wote: "Si gari, ni pombe ya kasiksi inaendesha." Watu wakacheka sana. Yeye akainamisha kichwa: "Ndiyo, papa." Mukwe atabishana namna gani na baba wa bibi yake? Nilijua hawezi.

Fundi wa Ndosho amefungua rotile, kile kiungo cha chuma kinachoshika volan na magurudumu, akatoa kipande cha mupira. "Muzee, nani aliingiza hii?" Nikasema sijui. Akatazama sandale yangu yenye kisigino kilichokatwa, akaniwekea kile kipande mukononi. Niliikata mwenyewe, niepuke kununua rotile.

Sasa gari inaenda sawa. Lakini Faustin, tangu siku ile, watu wa kanisa hawamupatii tena watoto wa korali awapeleke. Binti yangu ananisalimia kama mugeni.

Kesho, siku ya Mungu, pale pale pa kanisa, nitaonyesha sandale na kipande chake kwa wale niliowachekesha. Wanicheke mimi, nimezoea.

Ninayemwogopa ni Faustin. Akinijibu tena "Ndiyo, papa", basi nitajua hajanisamehe, ameinama tu kwa sababu mimi ni baba wa bibi yake.