Setilaiti Yangu Imemwonyesha Mume Wangu Niliko

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako upesi, kwa sababu naandika huku nimefunga mlango kwa komeo na kuusukumia meza, na ni saa nane mchana, jua linawaka na watoto wa ploti wanacheza nje, lakini mimi naogopa hata kuchungulia dirishani.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, mzaliwa wa Kabazi, na miezi kumi na minne iliyopita nilimtoroka mume wangu kule Nakuru. Nitamwita Kipkemoi. Hakuwa mlevi na watu wa kanisa walimpenda sana, lakini alikuwa akinifungia nyumbani akienda kazini, na siku aliyonikuta na simu ya jirani alinivunja mkono, akanipeleka hospitali yeye mwenyewe na kuwaambia madaktari nimeteleza bafuni. Mkono ulipopona niliondoka na mkoba mmoja, nikaja Naivasha, nikapata kazi ya kufungasha maua, na anayejua niliko ni mama yangu peke yake.

Sasa mshauri usinicheke. Kipkemoi ni fundi wa kompyuta, na katika ile miezi ya kufungiwa alinifundisha gemu moja ya kujenga angani, unachimba madini, unaunda chombo chako chuma kwa chuma, hewa ikikuishia unakufa na kuanza upya, na watu wengi mnaingia humo pamoja kwa mtandao. Nilipofika huku nilikaa karibu mwaka bila kuigusa, halafu upweke ukanizidi, nikapata laptopu ya mtumba, nikaingia kwa jina geni na kujiunga na kikundi cha Avni, dada mmoja wa Nakuru ambaye familia yake huuza spea za magari, na mwalimu mmoja wa Gilgil anayeitwa Omolo. Hatujawahi kuonana, namba za simu tulipeana lakini tunaongea tu kwa hedifoni nikitoka zamu ya asubuhi, na nakuambia ukweli, hao ndio marafiki nilio nao.

Kambi yetu kwenye gemu iko upande wa nyuma wa mwezi, na Omolo akienda mbali kuchimba mawasiliano yanakatika, chombo chake kinabaki kama kipofu. Avni akaniambia, "Si wewe ndio fundi hapa? Tuundie ka-setilaiti kadogo ka kupokeza netiwaki, kenye kanaingia kwa tumbo ya chombo, tukikatupa huko nje kanajifungua kenyewe." Nilihangaika wiki tatu. Katikati ni sanduku tu lenye betri na antena, na ubavuni nimekunja paneli nne za sola kwa bawaba. Ya kwanza ilijifungulia ndani ya chombo ikakipasua. Ya pili ilitoka vizuri lakini paneli zote zikafunguka kwa mpigo, ikazunguka kama pia na haikusimama tena. Ya tatu nikaiwekea saa, ingoje sekunde ishirini mpaka iwe mbali, ifungue paneli mbili zinazotazamana, itulie, ifungue mbili zilizobaki, antena iwe ya mwisho. Ilipofunguka bila kuyumba Avni alipiga kelele, "Wee! Hiyo ni kali, siamini!" na mimi nikalia, kwa sababu sikumbuki ni lini nilitengeneza kitu mtu akakifurahia hivyo.

Ndipo nikafanya kosa. Gemu inataka antena ipewe jina, na yeyote anayepita karibu huliona jina hilo kwenye skrini yake. Kwa ile furaha nikaandika Karatasi. Karatasi ni ng'ombe wa kwetu, mmoja wa wale walioletwa na kina Kipkemoi siku ya mahari, na wazee wakiwa bado wanazungumza alinyoosha shingo akala orodha yote ya makubaliano, ikabidi waanze upya kwa kukumbuka, watu wakacheka hadi machozi na jina likamkaa. Ng'ombe wa jina hilo sijasikia mwingine. Tena antena niliiacha wazi ili Omolo asisumbuke na neno la siri, sikufikiria kwamba kila tunachosema kwa hedifoni sasa kinapitia hapo na kumfikia yeyote aliye karibu.

Siku ya tisa ujumbe ukatokea kutoka kwa mtu nisiyemjua: "Karatasi bado anakamuliwa?" Nilichomoa waya ukutani. Baada ya siku tatu nikarudi kuangalia tu, nikakuta mwingine: "Pole na kifua. Hizo dawa za maua ni kali." Mshauri, habari ya kifua nilimwambia Avni peke yake, kwa hedifoni, na siku hiyo hiyo nikamtajia zamu yangu na geti tunalotokea.

Sijaenda kazini tangu juzi. Nikiishusha setilaiti atajua nimeshtuka, na Omolo yuko mbali, chombo chake kitapotea, na Avni ataniuliza sababu, na mimi sitaki wajue kwamba ni mke wa mtu niliyetoroka. Nikihama tena nitaanzia wapi? Mama anasema nimjibu kwa upole, pengine amebadilika, na kusema kweli nimeshaandika "niko salama" nikafuta mara nne. Nimwandikie nini ili aniache? Naogopa mshauri, naogopa hata hodi ya mwenye nyumba.

Aliyejificha,
Naivasha

JIBU

Dada yangu, keti chini, lakini meza iache hapo hapo mlangoni.

Kwanza ujue kwamba mambo matatu katika barua yako nimeyageuza kabla ya kuichapisha, na sitasema ni yapi. Uliniandikia kila kitu hadi rangi ya geti, kana kwamba gazeti hili nalisoma peke yangu! Miezi kumi na minne umejificha kama mtu mwenye akili zake, halafu ukampandisha ng'ombe wa mahari angani na kuacha mlango wazi. Nilikasirika, sikufichi. Nikaisoma mara ya pili nikaona kwamba ulifanya hivyo siku uliyofurahi, baada ya muda mrefu sana bila furaha, na hasira ikaniisha. Kuandika jina kulikuwa kosa lako. Kukuwinda ni kosa lake, na haya mawili usiyachanganye tena.

Unauliza umwandikie nini. Usimwandikie chochote, hata nukta. Ukimjibu atajua kwamba unasoma na kwamba unaogopa, na hicho ndicho anachokitafuta. Mama yako ana uchungu wa mzazi, lakini mtu aliyebadilika angeuliza kama mkono ulipona. Huyu amekujulisha tu kwamba alikuwa akikusikiliza. Hizo si salamu, ni vitisho.

Mpigie Avni kwa simu, achana na hedifoni, umweleze yote. Unaona haya gani? Hujaiba, hujaua. Yeye ataifunga antena kwa neno la siri na kumpa Omolo neno hilo kwa simu, chombo cha watu kitarudi salama. Wewe ni fundi, jambo hilo ungeliona mara moja kama hofu isingekuwa imekuziba macho. Ule ujumbe usiufute. Upige picha, tarehe ionekane, na Avni abaki na nakala.

Halafu nenda polisi, kwenye dawati la jinsia, ukiwa na picha hizo na fomu za hospitali za ule mkono. Usiende peke yako. Wakikuambia mambo ya ndoa mkayamalize nyumbani, kaa kwenye benchi yao mpaka upewe nambari ya OB, kile kitabu chao cha matukio, na uulize namna ya kupata amri ya mahakama ya kumzuia asikukaribie. Ukizungushwa piga 1195, simu ya msaada kwa wanaodhulumiwa nyumbani, ni bure. Msimamizi wako abadilishe zamu yako na walinzi wa geti waione picha ya mtu huyu. Na chumba hicho usilale humo kwa sasa, hata kama ni kubanana sakafuni kwa mwenzako wa kazini.

Utasema mimi, Bi Wawira wa safu hii, ni mkali. Miaka sita iliyopita mama mmoja aliniandikia habari kama hii. Mume alikuwa amepata nambari yake mpya na kumtumia salamu tu. Nilimjibu kwa maneno matamu, nikamshauri azungumze naye kwa adabu, wakutane mahali penye watu. Baada ya wiki tatu dada yake alinitumia kipande cha gazeti chenye jibu langu. Alikuwa amekikuta kwenye mkoba wa marehemu.

Ndiyo maana safari hii sikungojea gazeti. Jibu hili nilikutumia kwa simu Jumanne, kwa nambari uliyoniachia, na mpaka tunakwenda mitamboni hujanijibu. Kama ndiyo mara yako ya kwanza kulisoma, weka gazeti chini, mwite jirani akusindikize, utoke sasa hivi.